Alimfunga Mfalme Pingu, Taji Akalikosa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria, mwaka wa pili, na nimekwama kwenye historia ya Uingereza. Nimesoma kwamba Mfalme Henry I aliwaapisha makabaila na maaskofu wake kwamba akifa watamtii binti yake, Matilda. Alipofariki, kiti kikachukuliwa na Stephen, mtoto wa dada yake, naye alikuwa mmoja wa walioapa! Kisheria, nani alikuwa na haki? Na kama haki ilikuwa ya Matilda, kwa nini mwaka 1141, alipokwisha kumshinda Stephen na kumtia ndani, hakutawazwa? Au ni kwa sababu alikuwa mwanamke?"

Marahaba, binti yangu. Linalokukwamisha ni neno moja, "kisheria". Wewe umezoea sheria ya leo, ambayo mfalme akikata roho mrithi wake anajulikana kabla maiti haijapoa. Uingereza ya mwaka 1135 haikuwa na kitu hicho. Hapakuwa na sheria iliyosema kiti ni cha mzaliwa wa kwanza, wala iliyosema mwanamke asikikalie. Palikuwa na mambo ambayo kila mdai aliyavuta upande wake: damu, wosia wa marehemu, kiapo cha wakubwa, kukubaliwa na watu, na mwisho wa yote, mafuta. Nasema mafuta matakatifu ambayo askofu alimpaka mfalme mpya siku ya kutawazwa. Yale mengine yote watu walibishana juu yake. Mafuta hawakubishana. Yakishapakwa hayafutiki.

Na kabla ya mafuta hapakuwa na mfalme. Miaka ya utawala ilihesabiwa kuanzia siku ya kutawazwa, si siku ya kifo cha aliyetangulia, na amani ya mfalme ilikufa pamoja na mfalme mwenyewe. Ilibidi ufike mwaka 1272, Edward I alipohesabiwa kuwa mfalme hali yuko safarini mbali na nyumbani, ndipo desturi hiyo ilipovunjwa. Kwa hiyo mfalme alipofariki, nchi ilibaki bila mwenyewe, na mbio zikaanza.

Hesabu siku ujionee. Mfalme Edward wa kale, si huyo wa 1272, alikufa tarehe 5 Januari 1066, na kesho yake tu Harold alikuwa ameshavaa taji. William wa Normandy (nchi ya ng'ambo, kaskazini mwa Ufaransa), aliyemng'oa Harold mwaka huohuo, alikufa Septemba 1087, na siku 17 baadaye mwanawe William Rufus alikuwa ametawazwa, ilhali kaka yake mkubwa, Robert, yuko ng'ambo. Kisha ikaja zamu ya Henry mwenyewe, huyu mzee wa viapo. Tarehe 2 Agosti 1100 Rufus alipigwa mshale akiwinda, na Henry alikuwa katika msafara uleule. Hakukaa kulia. Alipanda farasi hadi Winchester ilikokuwa hazina, akaitia mkononi, akakimbilia London, na tarehe 5 akapakwa mafuta. Siku tatu! Kaka mkubwa, Robert, alikuwa njiani anarudi kutoka vita vya msalaba. Aliporudi akakuta kiti kina mwenyewe. Mwaka 1106 Henry akamshinda kwenye mapigano ya Tinchebray, akamweka kifungoni, na Robert akafia Cardiff mwaka 1134, mzee aliyekula chumvi nyingi, bila kutoka tena.

Basi huyo ndiye aliyekuwa akiwaapisha watu walinde haki ya bintiye. Kiti chenyewe alikipata kwa mbio. Aliujua mchezo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana aliuogopa.

Hofu hiyo ilianza usiku wa tarehe 25 Novemba 1120. Henry alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume wa ndoa, William, kijana wa miaka 17. Walikuwa wanarudi Uingereza kutoka bandari ya Barfleur, Normandy. Mfalme alitangulia. Kijana akapanda jahazi jipya, zuri, lililoitwa Jahazi Jeupe, na wenziwe wakaagiza mvinyo kwa mabaharia na abiria pia. Waliondoka giza limeingia, wakitaka kuipita merikebu ya mfalme, wakagonga mwamba kabla hata hawajaiacha pwani. Inasemekana walikuwamo watu wapatao 300. Aliyepona ni mmoja, mchinja nyama wa mji wa Rouen. Na Stephen? Alikuwa ameshapanda jahazi hilo akashuka. Orderic, mtawa aliyeandika habari za zama hizo, anasema tumbo lilikuwa linamwendesha.

Henry alibaki na watoto zaidi ya 20 wa nje ya ndoa na binti mmoja wa ndoa. Mkubwa kati ya wale wa nje, Robert bwana wa Gloucester, alikuwa mtu makini, msomi, jemadari. Miaka 100 nyuma yake angefaa: babu yake, William Mshindi, yule aliyemng'oa Harold, alizaliwa nje ya ndoa na bado akarithi Normandy. Lakini Kanisa lilikuwa limeanza kukaza kamba za ndoa, na jina la Robert halikuwekwa mezani. Mfalme akaoa tena, mke kijana, Adeliza. Mtoto hakupatikana. Akabaki Matilda.

Matilda huyu Waingereza walikuwa hawamjui. Alipelekwa Ujerumani mwaka 1110 akiwa na miaka 8, akaolewa na Kaisari Henry V, akafiwa naye mwaka 1125. Alirudi kwa baba yake akiwa mjane wa miaka 23 mwenye cheo cha mke wa Kaisari, na cheo hicho hakukiacha maisha yake yote, hata alipoolewa na mtu mdogo kuliko Kaisari. Mwanzoni mwa mwaka 1127 baba yake akawakusanya wakubwa, akawaapisha. David, mfalme wa Scotland, mjomba wa Matilda, aliapa wa kwanza miongoni mwa walei. Halafu pakatokea kioja ambacho huwa nakisimulia kila mwaka: Stephen na Robert wa Gloucester waligombania nani aape kwanza! Mmoja ni mtoto wa dada wa mfalme, mwingine ni mwana wa mfalme lakini wa nje. Stephen akashinda ubishi huo. Kiapo alichokivunja alikuwa amekipigania.

Mwaka 1128 Henry akamwoza Matilda kwa Geoffrey wa Anjou, jimbo jirani la Normandy. Bwana harusi alikuwa na miaka 14, bibi harusi 26, na hawakupendana hata kidogo. Ubaya zaidi, watu wa Anjou walikuwa mahasimu wa Wanormandi tangu enzi na enzi. Wapo walioapa mwaka 1127 ambao sasa walianza kunung'unika kwamba wao walikubali kwa sharti binti asiolewe nje ya nchi bila wao kushauriwa. Roger, askofu wa Salisbury, alilisema hilo waziwazi. Hata hivyo ndoa ilileta kilichotakiwa: Machi 1133 alizaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Henry kama babu yake. Mweke akilini huyo.

Kilichomwangusha Matilda ni ugomvi wa mwisho na baba yake. Geoffrey alidai apewe ngome alizoahidiwa kama mali ya ndoa. Mzee akakataa, hakutaka kugawa madaraka akiwa hai. Mwaka 1135 wakawa karibu wanapigana, na Matilda akasimama upande wa mumewe. Hapo hapo, tarehe 1 Desemba, Henry akafariki huko Lyons-la-Forêt, Normandy, baada ya kula samaki fulani wanaofanana na mikunga ambao tabibu wake alimkataza. Matilda alikuwa upande wa Anjou, ana mimba changa, na hayuko katika maelewano na watu waliokizunguka kitanda cha baba yake. Alichofanya ni kuvuka mpaka na kuchukua zile ngome alizokuwa akizidai, Argentan na nyinginezo. Akakaa huko.

Stephen alikuwa Boulogne, nchi ya mkewe, na kutoka Boulogne hadi Uingereza ni mwendo wa siku moja baharini upepo ukikubali. Dover walimfungia malango. Canterbury vilevile. Hakubishana nao, alipita moja kwa moja hadi London, na watu wa London wakampokea kama mfalme. Kisha Winchester, ambako ndugu yake wa damu, Henry wa Blois, alikuwa askofu. Huyo ndiye aliyefanya mipango hazina ifunguliwe na askofu mkuu wa Canterbury ashawishike. Tarehe 22 Desemba Stephen akapakwa mafuta. Siku 21 tangu kifo. Ukiacha urefu wa safari, ni yaleyale aliyoyafanya Henry mwaka 1100, hata hazina ni ileile. Kule Normandy makabaila walikuwa kikaoni wakijiandaa kumchagua Theobald, kaka mkubwa wa Stephen. Habari ikawafikia kwamba mdogo ameshakalia kiti. Theobald alikasirika, akanyamaza. Unaona? Aliyepitwa si Matilda peke yake. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Na kiapo je? Hapa ndipo wewe mwanasheria utafurahi. Mtu mmoja mkubwa, Hugh Bigod, alikula kiapo kipya mbele ya askofu mkuu kwamba mfalme kitandani pake alibadili nia na kumwondoa bintiye. Wengine walisema kiapo cha 1127 kilikuwa cha kulazimishwa, na cha kulazimishwa hakifungi. Wengine wakaleta lile sharti la ndoa. Nikiwasoma wote napata picha ya watu waliokwisha kuamua, wakawa wanatafuta kifungu cha kuegemea.

Hoja kali zaidi ilitolewa Roma mwaka 1139, Matilda alipopeleka kesi yake kwa Papa Innocent II. Wakili wa Stephen hakuishia kwenye kiapo. Alisema Matilda si mtoto wa halali kabisa, kwa sababu mama yake alikuwa mtawa aliyetoroshwa akaolewa. Mama huyo, binti wa mfalme wa Scotland mwenye damu ya wafalme wa kale wa Kiingereza, kweli alilelewa katika nyumba ya watawa na shangazi... hapana, ni mama mdogo, dada wa mama yake, aitwaye Christina. Christina alimvika kitambaa cheusi kichwani ili askari wa Kinormandi wasimtamani. Binti mwenyewe alieleza, kabla ya ndoa yake mwaka 1100, kwamba mama mdogo akigeuza kisogo tu alikuwa akikivua kile kitambaa, akikitupa chini na kukikanyagakanyaga. Kanisa la Uingereza lilimwamini wakati ule na kuibariki ndoa. Miaka 39 baadaye kitambaa kilekile kikarudishwa mahakamani kumpokonya bintiye kiti. Papa alisikiliza, hakutoa hukumu, akaacha mambo yalivyo. Na yalivyokuwa ni kwamba mwaka 1136 yeye mwenyewe alikwisha kumtambua Stephen. Mpakwa mafuta akabaki mpakwa mafuta.

Mwaka 1138 Robert wa Gloucester alimkana Stephen na kuhamia upande wa dada yake. Septemba 1139 wakavuka wote wawili, Matilda akashukia ngome ya Arundel kwa mama yake wa kambo, Adeliza. Stephen alimzingira, halafu akafanya jambo ambalo wengi humcheka nalo mpaka leo: akamruhusu atoke na kumpa wasindikizaji hadi kwa kaka yake Bristol. Vita vikaanza.

Sasa tufike Lincoln, tarehe 2 Februari 1141. Wakubwa wengi wa Stephen waligeuza farasi wakakimbia. Yeye akabaki, anapigana kwa miguu, upanga na shoka, hadi silaha zikamvunjikia mkononi. Jiwe likampiga, akaanguka, na askari mmoja akamrukia, akamshika kofia ya chuma, akapiga kelele kuwaita wenzake waje, amemkamata mfalme. Sikiliza neno lililomtoka: mfalme. Ni adui huyo.

Stephen alipelekwa Bristol, mwanzo kwa heshima, baadaye katika pingu. Ungedhani mambo yamekwisha. Ndugu yake, Henry wa Blois, ambaye sasa alikuwa pia mjumbe wa Papa, akageuka upepo ulikogeukia, akamkaribisha Matilda Winchester na kumpa funguo za hazina. Aprili, baraza la maaskofu likamtangaza. Lakini angalia walimtangaza nani: Bibi wa Waingereza, kwa Kilatini domina, siyo malkia. Hicho kilikuwa cheo cha kusubiria mafuta. Na Askofu Mkuu Theobald (si yule kaka wa Stephen), mtu ambaye mafuta yalikuwa mkononi mwake, alisema hawezi kuhama upande mpaka azungumze na mfalme. Akaenda Bristol na baadhi ya maaskofu. Hebu litazame hilo kwa jicho la sheria: askofu mkuu anakwenda gerezani kumwomba mfungwa ruhusa ya kumtii aliyemfunga! Na mfungwa akawapa ruhusa waende na wakati. Ruhusa hiyo haikumvua ufalme. Ndiyo kwanza ilithibitisha kwamba anao, maana asiye mfalme anatoaje ruhusa?

Kilichobaki kilikuwa kutawazwa Westminster, na njia ya Westminster inapita mikononi mwa watu wa London. Hawa walimpenda Stephen. Wao ndio waliomwinua mwaka 1135, na biashara yao na ng'ambo ilitegemea sana njia ya Boulogne, nchi ya mkewe Stephen, ambaye naye jina lake ni Matilda (zama zile kila nyumba kubwa ilikuwa na Matilda wake). Matilda wetu aliingia Juni. Wenyeji walimwomba awarudishie sheria za Mfalme Edward, yule aliyekufa 1066, badala ya mkono mzito wa baba yake. Alikataa, akadai fedha nyingi, akawakumbusha walivyomchangia Stephen. Askofu Henry akamwombea mtoto wa Stephen walau apate mali ya baba yake ya Boulogne. Akakataa. Huku mke wa Stephen ameshaleta jeshi ng'ambo ya pili ya mto Thames, anachoma mashamba na nyumba, watu wa London wanatazama moshi.

Tarehe 24 Juni kengele za mji zikapigwa. Mwandishi mmoja wa upande wa Stephen anasema watu walimiminika malangoni kama nyuki kutoka mzingani. Matilda alikuwa anajiandaa kuketi kula. Akapanda farasi akatoka mbio kuelekea Oxford, chakula kikabaki mezani. Taji lilikuwa mbele yake kwa siku chache tu.

Waandishi wa wakati ule wanalaumu kiburi chake: hakusimama kuwapokea wakubwa waliomsujudia, alijibu kwa ukali, hakusikia ushauri. Sina sababu ya kusema walizua. Lakini baba yake aliwatoza watu kodi bila huruma na kuwafungia wapinzani wake hadi kufa, na bado aliitwa simba wa haki. Hapo ndipo uanamke unapoingia katika swali lako. Haukuwa kifungu cha kumzuia. Urraca alitawala León na Castile tangu 1109 hadi 1126. Melisende alitawazwa malkia wa Yerusalemu mwaka 1131, na mume aliyetawazwa pamoja naye ni Fulk wa Anjou, baba mzazi wa Geoffrey, yaani baba mkwe wa Matilda mwenyewe! Mambo hayo yalikuwa yanajulikana nyumbani kwake kama habari za jikoni. Ila Matilda aliingia kwenye mbio ambazo mshindi ni anayeweza kupanda farasi usiku huohuo, kuongoza askari mwenyewe na kuwatisha wenyeji bila kuambiwa ana makuu. Kila kosa lake lilihesabiwa mara mbili, na mimba ile ya Desemba 1135 haikumsaidia.

Septemba mwaka huohuo jeshi lake lilivunjwa Winchester, na Robert akakamatwa akimlinda dada yake asipate madhara wakati wa kukimbia. Ikabidi wabadilishane: Robert kwa Stephen. Robert, akiwa mfungwa, alibisha kwamba bwana wa jimbo si sawa na mfalme, kwa hiyo wenzake waliokamatwa naye waongezwe ili mizani isawazike. Hata yeye, aliyemwona Stephen mnyang'anyi, alimpimia uzito wa mfalme. Krismasi hiyo Stephen alivaa taji tena hadharani Canterbury.

Baada ya hapo Matilda hakukaribia tena. Mwaka uliofuata Stephen alimzingira ndani ya ngome ya Oxford kwa miezi mitatu, chakula kikaisha. Ilikuwa Desemba, theluji imefunika kila kitu na mto umeganda. Usiku mmoja Matilda alitoka na askari watatu au wanne tu. Habari moja inasema aliteremshwa kwa kamba kutoka mnarani. Walijifunika nguo nyeupe, wakapita kati ya walinzi wa Stephen wasionekane juu ya theluji, wakauvuka mto kwa miguu juu ya barafu, wakatembea hadi Abingdon, wakapata farasi wa kuwafikisha Wallingford. Alikuwa na miaka 40.

Sitakusimulia mapigano yote ya miaka iliyofuata, maana ni ngome hii imezingirwa, ile imehama upande, na ukishasoma matatu umeyasoma yote. Matilda alitawala kusini magharibi, na sarafu zilifuliwa kwa jina lake Bristol na Cardiff. Stephen alibaki na mashariki na London. Geoffrey alimalizia kuiteka Normandy mwaka 1144 na kuwa mtawala wake. Katikati walikaa mabwana waliojijengea ngome na kutawala kama wafalme wadogo. Mtawa wa Peterborough, aliyeandika kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, anataja watu walioning'inizwa kwa miguu wakifukiziwa moshi, na wengine kwa vidole gumba, ili watoe mali zao, na anasema watu walinena waziwazi kwamba Kristo na watakatifu wake wamelala.

Kwa nini Stephen, mwenye mafuta, hakumaliza? Nadhani kwa sababu hakuwa na moyo wa baba wa Matilda. Mwaka 1152 aliizingira ngome ya Newbury ya mtu aitwaye John Marshal. John aliomba muda wa kusitisha vita, akamweka rehani mwanawe William, mtoto wa miaka mitano au sita, halafu akautumia muda ule kuingiza chakula na askari. Stephen akatishia kumnyonga mtoto. Baba akajibu kwamba nyundo na fuawe anazo, atafua wengine bora zaidi. Mtoto akapelekwa kwenye mti. Njiani alimwona bwana mmoja ameshika mkuki mzuri, akamwomba amwazime auchezee. Stephen akamchukua mikononi akamrudisha kambini, na siku nyingine wakaonekana hemani, mfalme na mateka wake, wanacheza kupigana kwa mabua ya majani. Habari hii imo katika utenzi mrefu wa Kifaransa cha kale uliotungwa baada ya kifo cha huyo mtoto, kwa hiyo chumvi haikosi. Lakini mtoto alikua kweli, na mwaka 1216, mzee wa miaka 70 hivi, ndiye aliyekabidhiwa kuilea nchi mfalme akiwa mdogo.

Huruma hiyohiyo Stephen alimwonyesha hata mdai mwenzake. Mwaka 1147 Henry, mwana wa Matilda, kijana wa miaka 14, alivuka na kikundi cha askari wa kukodi aliowaahidi mishahara ya ngawira. Ngawira haikupatikana. Akamwomba mama yake fedha, hana. Akamwomba mjomba wake Robert, akamnyima. Akamwandikia Stephen, adui, na Stephen akalipa. Mwaka uliofuata, Robert akiwa ameshafariki, Matilda aliondoka Uingereza kwenda Normandy.

Tangu hapo madai yalikuwa ya kijana. Mwaka 1150 baba yake alimwachia Normandy, na 1152 akamwoa Eleanor wa Aquitaine, akapata nusu ya kusini ya Ufaransa magharibi. Stephen aliona mbio nyingine zinakuja, akataka kuziwahi: amtawaze mwanawe Eustace angali yeye mwenyewe hai, ili akifa pasiwe na pengo hata la siku moja. Alikuwa amelielewa tatizo lenyewe. Theobald akakataa kutoa mafuta. Papa alikwisha kumkataza. Stephen akawafungia maaskofu ndani ya nyumba moja awalazimishe, Theobald akatoroka kwa mashua.

Mwaka 1153 Henry alivuka tena, na majeshi yakakutana Wallingford, mto katikati. Makabaila wa pande zote mbili wakakataa kupigana. Walichoka, na wengi wao walikuwa wameshaanza kuwekeana mikataba yao wenyewe ya kutoshambuliana. Agosti Eustace akafa ghafla. Novemba, Winchester, wakapatana: Stephen abaki mfalme hadi kufa, amfanye Henry mwanawe na mrithi wake, William, mwana aliyebaki wa Stephen, apate ardhi yake yote lakini si taji, ngome zilizojengwa tangu kifo cha mzee Henry zibomolewe.

Kwa hiyo swali lako la haki: kwa kipimo cha siku zile, mfalme alikuwa Stephen, tangu 22 Desemba 1135 hadi alipokufa, hata zile siku alizokaa pingu Bristol. Matilda alikuwa na dai bora zaidi la damu, na kiapo juu yake. Mapatano ya 1153 yaliyatambua yote mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo vita havikuweza. Na Henry aliposhika nchi alifanya ujanja wa kisheria ambao utakutana nao mbele ya masomo yako: kesi ya ardhi ikija, swali lilikuwa nani alimiliki shamba "siku babu yangu Mfalme Henry alipokuwa hai na kufa". Miaka ya Stephen iliitwa wakati wa vita. Hakusema Stephen hakuwa mfalme. Aliiruka tu miaka yake kama mtu anavyoruka dimbwi.

Stephen alikufa Dover tarehe 25 Oktoba 1154. Henry alikuwa ng'ambo, na upepo ulimkatalia. Alikaa bandarini karibu mwezi mzima akisubiri bahari itulie. Kiti kilikuwa wazi, William mwana wa Stephen alikuwa hai na tajiri, hazina iko Winchester kama kawaida. Siku zikapita 10, 20, 40. Hakuna aliyepanda farasi. Tarehe 7 Desemba upepo haukuwa mzuri bado, lakini Henry akaamua kuvuka hivyohivyo, na tarehe 19, siku 55 baada ya kifo cha Stephen, Theobald akampaka mafuta Westminster. Bandari aliyoondokea ilikuwa Barfleur.